Neno la Tatu na Dakika za Bure

Baba yangu alifanya kazi ya kugomboa mizigo Kurasini tangu sijazaliwa hadi nilipopata mtoto wa pili, na katika muda wote huo, kwa ushahidi wake na wa wenzake, hakuna mteja wake aliyelipia kontena hata siku moja ya kuzidi. Mzee huyo huyo, mchana wa Jumanne moja, alilipa geti la uwanja wa ndege mara mbili ndani ya muda usiotosha kuivisha maharage. Mara ya kwanza alilipa kwa uchungu. Mara ya pili alilipa bila kuuliza ni kiasi gani.

Nilikuwa dereva siku hiyo, kwa hiyo niliyaona malipo yote mawili. Lakini ili uzito wa jambo hili ueleweke, inabidi nirudi nyuma, kwenye siku za bure.

Kontena likishushwa bandarini hupewa siku chache za kukaa bila kulipiwa. Zikiisha, linaanza kulipiwa kila kunapokucha, liwe limebeba magari au mitumba. Mawakala huziita siku za bure, na kazi yote ya baba ilikuwa kukimbizana nazo: karatasi hii isainiwe, ile igongwe muhuri, lori lipatikane, mzigo utoke kabla tarehe haijageuka. Alikimbizana nazo miaka mingi mno, hata alipostaafu miguu haikukubali kusimama. Nyumbani kwetu Chang'ombe siku za bure zikahamia mezani. Sufuria la kuazima kwa jirani lilikuwa na siku zake za bure. Ugomvi kati yangu na mdogo wangu ulikuwa nazo pia: tuliruhusiwa kununiana hadi Ijumaa, na baada ya hapo anayeendelea kununa anaosha vyombo vya nyumba nzima. Hata methali baba alizipitisha forodhani.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alikuwa akisema. "Hao wahenga walikuwa mawakala. Siku mbili za bure, ya tatu storeji."

"Na wewe ulivyokuja kuniposa Lindi ulikaa wiki nzima," mama humjibu. "Mbona jembe hukupewa?"

"Mie nilikuwa nasubiri nyaraka."

Huyo ndiye baba wa Kurasini. Yupo pia baba wa Newala, ambaye alilelewa na babu yangu, mchonga vinyago, mtu asiyekuwa na haraka na chochote. Babu aliweza kukaa na gogo la mpingo siku tatu akilitazama tu, na akiulizwa anafanya nini anasema analisubiri lizungumze kwanza. Babu ndiye aliyeuacha utaratibu wa maneno matatu. Mtu wa ukoo wetu akisafiri anapewa maneno matatu na mzazi wake. La kwanza anapewa mlangoni, la pili njiani, la tatu njia panda, pale msindikizaji anapogeuka kurudi na msafiri anashika njia yake. Neno la njia panda ndilo zito, na lina masharti. Lazima lisemwe mkono ukiwa begani mwa anayeondoka. Halisemwi mbele ya watu. Na kila mmoja ana lake, haazimwi na wala hamwazimi mwingine.

Baba alipewa lake alipoondoka Newala akiwa kijana. Hajawahi kutuambia ni lipi. Anasema lilimfikisha Kurasini. Mama anasema lilimfikisha kwake, na Kurasini alipita tu.

Mimi sina neno la tatu. Nilipohama Chang'ombe kwenda kuanza maisha yangu Goba, baba alinipa mawili. Mlangoni aliniambia nisinunue kiwanja cha mlimani kabla sijakiona kikinyeshewa masika nzima, na hilo limeniokoa. Njiani aliniambia kwamba dereva wa bodaboda akisema anapafahamu ninapokwenda kabla sijamaliza kupataja, nishuke, na hilo ninalikumbuka kila wiki. Tulipofika njia panda nikasimama karibu naye, bega langu nimelilegeza, nikisubiri. Akanitazama.

"Nini, mama?" Baba huwaita binti zake wote mama.

"Neno la tatu."

"La nini? Goba si safari. Goba ni nauli."

Kwa hiyo mdogo wangu, kitinda mimba, alipopata nafasi ya kusoma Uturuki, alikuwa mtoto wa kwanza katika nyumba yetu kustahili maneno yote matatu. Alilijua hilo. Aliulizia kuhusu neno la tatu kabla hajaulizia kuhusu koti la baridi. Na baba alilichukulia kwa uzito wa babu. Wiki mbili kabla ya safari alikuwa akikaa barazani jioni, ametulia, macho yameganda kwenye mlango wa karakana ya jirani, na mama akipita anatuambia kwa sauti ya chini, "Mwacheni, gogo linazungumza."

Tatizo lilikuwa njia panda yenyewe. Ya babu ilikuwa njia panda kweli, ya udongo, na mtu aliweza kusimama hapo mpaka kivuli kihame. Ya kwetu ni mlango wa kioo wa uwanja wa ndege, mbele yake kuna sehemu ya kushushia abiria, na sehemu hiyo ina geti na mashine inayokutemea tiketi yenye saa.

Nakumbuka wakati kumsindikiza mtu uwanjani kulikuwa shughuli ya mtaa. Jirani yetu mmoja alipokwenda Hija, Chang'ombe ilitoka na Koasta mbili. Tulikula chapati kwenye maegesho, watoto walilala kwenye mikeka, na mwenye safari alipoingia ndani kuna waliobaki na mazungumzo yao mpaka alasiri, kama watu waliosahau walikuja kufanya nini. Sikumbuki mtu yeyote akitazama saa.

Siku hizi kila hatua ya safari ina kidirisha chake cha kulipia. Mjini, ukizima tu injini, kuna dada mwenye kizibao anapiga picha namba ya gari lako, na kabla hujafunga mlango una kontroo namba ya kulipia maegesho kwenye simu. Teksi ya kuita kwa simu hupanda bei wingu likitokea. Bodaboda wangu wa kunishusha kilima cha Goba anatoza bei ya mvua hata jua likiwaka, kwa maelezo kwamba mvua ipo njiani. Na uwanja wa ndege una dakika zake za bure, ambazo kwa kipimo changu zinatosha kushusha mabegi mawili na kutoa shikamoo tatu, mradi waamkiwa wasiulize habari za nyumbani. Zikiisha, unalipa, na bei yenyewe kila nikienda naikuta imepanda ngazi moja.

Baba aliposikia kuna dakika za bure alifurahi kama mtu aliyekutana na rafiki wa kazini. Aliitisha kikao sebuleni, akavaa miwani.

"Gari linaingia moja," alisema. "Anayeshuka ni msafiri, mie na mama yenu. Dereva haachi usukani. Wengine wote wataagana naye mapema."

"Mapema wapi?" mama aliuliza. "Watu wamejiandaa, mzee. Mama wa genge ameshashona gauni."

"Kila mtu atasindikiza mpaka pale gharama yake inapoanzia."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku hiyo mdogo wangu alisindikizwa kwa mafungu, kama kijiti cha mbio za kupokezana. Majirani waliishia kwenye kona ya karakana. Mama wa genge, na gauni lake jipya, alifika hadi barabara kubwa, akasimama hapo akipunga kitenge mpaka dereva mmoja wa bajaji akasimama akidhani anaitwa. Mama mdogo aliingia garini, akashushwa kituo cha mafuta, kwa sababu kutoka hapo kurudi kwake ni nauli moja tu. Kila fungu lilipobaki nyuma baba alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mizigo nayo tulikuwa tumeipima kabla, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye mizani yake haijawahi kumpendelea mtu. Kilo za ziada kwenye ndege zina bei, na baba hakuwa tayari kuzisikia. Alilitundika begi kwenye ndoano katikati ya rejeta na fremu za baiskeli.

"Limezidi, mzee," yule wa vyuma alisema. "Humo kuna nini, injini?"

Kulikuwa na korosho. Mama alizificha ndani ya soksi, jozi baada ya jozi, korosho zote za Newala. Zilitolewa pale pale mbele ya watu, soksi moja moja, na mtaa mzima ukajua mdogo wangu ana soksi ngapi. Baba aliamua zilizozidi ziliwe papo hapo, kwa kuwa kilichoko tumboni hakipimwi. Tulirudi nyumbani tukitafuna.

Neno la kwanza lilitolewa mlangoni, saa sita kasoro. Baba alisimama kizingitini akasema, "Ukikasirika, kula kwanza." Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa, mdomo umejaa korosho.

La pili alilitoa barabara ya Pugu, ambayo imebadilishwa jina zamani lakini baba hajapewa taarifa. Tulikuwa juu ya daraja, magari yamebanana. Aligeuka kiti cha mbele akasema, "Ukipotea, muulize anayeuza. Usimuulize anayetembea. Anayetembea na yeye huenda kapotea."

"Na la tatu, baba?"

"La tatu lina mahali pake."

Mama, aliyekuwa nyuma na mdogo wangu, alimshika mkono. Nilimwona kwenye kioo. Nilimwona pia baba, ambaye alikuwa amefumba macho na midomo inacheza kidogo, mtu anayepitia maneno ili yasiteleze.

Tukafika getini. Nilibonyeza mashine, tiketi ikatoka, na kabla sijaishika vizuri baba alikuwa ameichukua. Aliisoma mbele na nyuma. Niliona mabega yake yakibadilika. Mpaka dakika hiyo nilikuwa nimembeba baba wa Newala. Kuanzia hapo, bila mimi kufungua mlango, akapanda baba wa Kurasini.

"Saa saba na dakika nne," alisema. "Nenda, mama, nenda. Huyu wa mbele analala."

Sehemu ya kushushia ilikuwa imejaa. Mbele yetu kulikuwa na familia iliyovaa sare ya kitenge, wakimpiga picha kijana mmoja na kila ndugu, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, kisha upya kwa sababu mtu alifumba macho. Nilipata upenyo. Mabegi yakashuka. Mama alimkumbatia mdogo wangu akaanza dua, na dua ya mama hutaja watu. Ilikuwa imefika kwa babu wa mama wakati baba alipotazama saa mara ya kwanza. Ilikuwa bado inapanda ukoo alipotazama mara ya pili.

"Amina," baba alisema.

"Sijamaliza."

"Malizia garini, Mungu anasikia kokote."

Mama alimwachia. Mdogo wangu akageuka kwa baba, akasogea, akalegeza bega. Nililijua lile bega. Baba akavuta pumzi, akanyanyua mkono wake wa kulia. Mama akarudi nyuma hatua mbili kama desturi inavyotaka, na mimi nikapandisha kioo cha gari. Nilikuwa nawaona wanavyosimama, mkono umeshafika begani, mdomo umefunguka.

Hapo hapo mlinzi wa magari, kaka mmoja mpole mwenye kizibao cha kung'aa, akagonga boneti yetu kwa vidole viwili.

"Sista, sogeza gari. Muda."

Hakusema zaidi ya hapo. Lakini mtu anaposikia neno lile lile kwa miaka yote ya kazi yake, mwili haumsubiri. Baba aliondoa mkono begani, akatazama saa, akasema kwa sauti yake ya bandarini, "Twendeni, twendeni, muda umeisha," akamgusa mdogo wangu kichwani haraka haraka kama anayegonga muhuri, akamsukuma mama kwenye kiti cha nyuma, akaingia mbele, akafunga mkanda.

Mdogo wangu alibaki na toroli, anacheka. Alidhani ni utani. Alipunga mkono, akaingia.

Niliondoa gari. Kuelekea kutoka kulikuwa na foleni ya magari sita. Baba alishika tiketi juu ya goti lake na kuhesabu magari kwa kidole. La nne mbele yetu lilikuwa na dereva aliyepoteza tiketi yake; alishuka, akatafuta chini ya kiti, akatafuta chini ya mtoto. Tulipofika kidirishani, binti aliyekuwa ndani aliipokea tiketi yetu, akatazama mashine yake.

"Mmezidisha dakika mbili, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Dakika mbili zimekaa kwenye foleni yenu, binti yangu."

"Mashine haijui foleni, baba."

Nilimwona akitaka kubishana. Kisha nikamwona akiheshimu hoja. Mashine haijui foleni. Mwenyewe aliwahi kuwaambia wateja maneno ya namna hiyo. Alilipa, akadai stakabadhi, akaikunja mara nne na kuiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

Tulikuwa tumeshaingia barabara kubwa alipotulia. Nilimtazama. Alikuwa amenyanyua mkono wake wa kulia, anautazama kiganja.

"Sijamwambia," alisema.

Mama akasogea mbele. "Hujamwambia nini?"

"Neno. Nimeweka mkono, nimeutoa, sijasema."

Nilitafuta mahali pa kugeuzia.

Kwenye geti mashine ilitema tiketi ya pili. Safari hii baba hakuichukua. Ilibidi nimpe mimi mkononi aliposhuka, ili asishuke mikono mitupu, na kosa hilo ni langu. Alitembea hadi kwenye mlango wa kioo, haraka kuliko miguu yake inavyopenda. Mimi na mama tuliegesha tukamfuata. Tulimkuta mbele ya askari wa mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Tiketi?"

"Marahaba. Ninayo." Akatoa ya geti.

Askari aliisoma kwa adabu yote. "Mzee wangu, hii ni ya gari."

"Gari ndilo lililonileta."

"Nalielewa hilo. Ila hata gari lenyewe haliruhusiwi kupita hapa."

Mama aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Baba alimweleza askari kwamba anahitaji dakika moja tu, na binti yake yuko pale, anamwona. Alikuwa pale kweli. Kupitia kioo tuliona amekwishapita ukaguzi wa kwanza, yuko kwenye mstari wa kukabidhi mabegi, watu watatu mbele yake, na nyuma ya ule mlango mstari wa ukaguzi umejikunja mara mbili na bado watu wanaongezeka. Nikampigia simu. Akageuka, akatuona, akashangaa, akacheka tena.

"Dada, vipi? Nimesahau nini?"

Nilimpa baba simu.

"Mama," alisema, "hujasahau wewe."

"Neno la tatu?"

"Ndiyo."

"Mie nilidhani ndiyo ile 'muda umeisha'. Nikasema, kha, limenyooka kweli." Sauti yake ilitoka wazi, sote tukaisikia. "Basi niambie sasa hivi."

Baba alikaa na simu sikioni. Aliutazama mkono wake mwingine, akautazama mlango, akaitazama ile foleni ya ukaguzi. Nilijua anapima nini. Neno halisemwi bila mkono begani, na bega lilikuwa upande wa pili wa kioo.

"Nitoke, baba?" mdogo wangu aliuliza. "Natoka dakika moja, narudi."

Angetoka, angerudi mwisho wa mstari ule. Ndege ilikuwa na saa yake. Huenda angeiwahi. Huenda asingeiwahi, na tiketi ile ilikuwa imetolewa na wafadhili wa masomo yake mara moja tu. Mama alimshika baba kiwiko, kisha akamwachia, kwa kuwa hilo lilikuwa lake baba peke yake.

"Usitoke," alisema. "Foleni hiyo haina siku za bure."

"Lakini neno, baba."

"Lipo. Haliozi. Songa mbele, wanakupita."

Mdogo wangu aligonga bega lake mwenyewe mara mbili kwa kiganja, akalielekezea kwetu, kama anayesema bega hili hapa, lina mwenyewe. Baba akacheka, kicheko kifupi. Kisha tukasimama pale. Tulimwona akikabidhi mabegi, na begi halikuzidi hata kidogo, mizani ya vyuma chakavu haikosei. Tulimwona akipanda ngazi, mpaka viatu vikaisha. Baada ya hapo tukaendelea kusimama, tunatazama ngazi. Nilipitisha jicho kwenye saa ya baba, kwa mazoea niliyorithi kwake. Yeye hakuitazama.

Kidirishani binti alikuwa yule yule.

"Mzee, umerudi?"

"Nimerudi."

Akamtajia kiasi. Baba alitoa noti, akapokea chenji bila kuihesabu.

"Stakabadhi yako, baba."

"Kaa nayo, mwanangu."

Mama aligonga kiti changu kwa goti, maana yake: umesikia?

Tangu siku hiyo neno la tatu limekuwa mada ya familia. Mimi nina tabia ya kufuatilia mambo, kwa hiyo nimelifuatilia. Mama ana nadharia kwamba baba alilisahau pale pale boneti ilipogongwa, na anaona aibu kukiri. Nilimuuliza baba moja kwa moja. Akasema mtu aliyekumbuka namba za makontena ya watu hawezi kusahau neno la mwanawe, akanitajia namba mbili za makontena kama ushahidi. Nilimpigia shangazi yetu wa Newala, dada yake baba, nikidhani maneno ya ukoo huenda yanafanana na ningeweza kukisia. Shangazi aliolewa Tunduru na alipewa yote matatu na babu.

"La tatu lako lilikuwa lipi, shangazi, kama si siri?"

"Si siri, ila silijui. Nilikuwa nalia. Nililisikia kama mtu anayeongea chini ya maji."

"Hukumuuliza tena?"

"Nimuulizeje, na njia panda ilishapita?"

Hapo uchunguzi wangu ulikwama.

Mdogo wangu hajakata tamaa. Anapiga simu kila Jumapili, na mwisho wa kila simu anajaribu bahati. Kuna siku alisema, "Baba, nitumie hilo neno kwa simu. Nitalipia na ada ya kutolea."

"Neno halina ya kutolea," baba alimjibu. "Ukilituma linafika limepungua."

Alipompa wazo la kulisema siku atakayokuja likizo, pale uwanjani, mkono begani, baba alilikataa pia. Neno la njia panda ni la anayeondoka. Halisemwi kwa anayekuja; kumwambia anayekuja ni kumfukuza. Kwa hiyo, kwa hesabu yake, mdogo wangu lazima aje kwanza, akae, ale, kisha aondoke tena, ndipo neno lisemwe. Mama alipolisikia hilo aliacha kumenya viazi.

"Yaani mtoto akate tiketi ya kuja ili aondoke?"

"Ndiyo maana ya likizo," baba alisema.

Na amejiandaa. Mwezi uliopita alinipigia asubuhi akaniuliza niko wapi. Nikamwambia Goba, nashuka kilima na bodaboda wa bei ya mvua. Akasema yeye yuko uwanja wa ndege. Nilishtuka, nikauliza nani anasafiri. Hakuna. Alikuwa amepanda gari la abiria akashuka kituo cha barabarani, kisha akatembea hadi mlango wa kioo, saa mkononi, akarudi, akatembea tena safari hii polepole, kwa mwendo wa mama. Amegundua kwamba mtu anayeingia kwa miguu hana tiketi, hana mashine, na hana dakika. Anaweza kusimama mlangoni mpaka kivuli kihame. Gari litamwacha msafiri na mabegi, litoke ndani ya muda wake wa bure, na yeye atakuwa ameshafika kabla, amesimama, hana haraka.

"Babu yako alitembea pia," aliniambia. "Nilisahau hilo tu."

Tiketi za ndege nazo zimepanda. Mdogo wangu alitutumia bei mwanzoni mwa wiki, na mama akaisoma mara mbili akidhani ni namba ya simu. Juzi jioni akatuma ujumbe mwingine kwenye kundi letu la familia: likizo ameipata, tiketi bado, na msimu wa bei nafuu unafungwa siku chache zijazo; je, asubiri mwaka kesho?

Baba haandikagi kwenye kundi. Husoma tu na kutikisa kichwa. Juzi aliomba miwani yake, akashika simu kwa mikono miwili, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, maneno mawili: Njoo uondoke.

Alama za ujumbe kusomwa zimegeuka buluu tangu juzi. Mdogo wangu hajajibu.